Si Haya, Wala Si Kiburi: Utoto Wetu Uliokosa Jina



Tunaoandika makala haya ni wanawake watatu wa Pwani. Mmoja wetu amezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, wa pili Lamu, na wa tatu Malindi. Sote tumepita umri wa miaka 35, sote tumeolewa, na baina yetu tuna watoto wanane. Majina yetu tumeyasitiri. Hatuoni aibu kwa tunayoyaeleza, lakini hadithi ya mtu haiwi yake peke yake. Ndani yake mna wazazi, mna waume, na mna mabinti ambao kesho wataposwa. Kwa hivyo tumekubaliana kusema kwa ulimi mmoja, na kila penye kisa cha mmoja wetu tutasema "mwenzetu".

Sote watatu tumelelewa na maneno mawili. Neno la kwanza ni haya. "Mtoto huyu ana haya, hainui macho, hana maneno," wageni walimwambia mama, na mama akafurahi. Neno la pili ni kiburi. "Mtoto huyu anajiona, ukimsemesha hakujibu, harusini hukaa pekee kama mwenye nyumba yake," walisema wengine, na mama akainama. Maneno haya mawili yalisemwa juu ya msichana yule yule, pengine siku ile ile, na hapana hata moja lililokuwa la kweli. Neno la kweli hatukulisikia mpaka tulipokuwa watu wazima wenye watoto wetu. Neno hilo ni usonji.

Chuoni, mtaani na harusini

Tuanze na chuo. Mwenzetu wa Lamu alitiwa chuoni akiwa na miaka mitano. Kilikuwa chumba kimoja cha mikeka, watoto zaidi ya arubaini, kila mmoja akisoma sura yake kwa sauti. Mpita njia akiisikia sauti ile huburudika moyo. Kwa mwenzetu, sauti zile arubaini ziliingia masikioni zote kwa nguvu moja, asiweze kuichagua yake katikati yao. Alikuwa akiziba masikio. Maalim alidhani mtoto anaikataa Qur'ani, na msomaji aliyesoma vyuo vya zamani anajua lililofuata.

Ilhali nyumbani, katika ukimya wa alasiri, mtoto huyo huyo alihifadhi Juzuu Amma yote kabla ya wenziwe wengi. Siku moja maalim, kwa uchovu, aliruka neno katika aya. Mwenzetu, naye ana miaka saba, akasema mbele ya wote, "Umekosea, maalim." Hakuwa na ujuvi. Alijua neno limerukwa na akadhani maalim angependa kujua. Kuwa kosa la mkubwa husubiri faragha, au huachwa lipite, hapana mtu aliyewahi kumwambia. Wenziwe walilijua bila ya kuambiwa. Alipigwa bakora sita. Idadi anaikumbuka hadi leo, kwa kuwa alizihesabu ili asilie.

Mwenzetu wa Mombasa alitumwa na mamake kurudisha bakuli kwa jirani. Aliwakuta watu wanakula. "Karibu chakula," wakamwambia, kama ada ya mji wetu ilivyo, na kama ada ilivyo, mtu hushukuru akapita zake. Yeye alinawa mikono, akakaa mkekani, akala. Kesho yake alipita tena, akakaribishwa tena, akala tena. Siku ya tatu maneno yakamfikia mamake: je, kwao hapapikwi? Mama alilia kwa fedheha, akamchapa, akamuuliza, "Huna haya wewe?" Mtoto yule yule ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amesifiwa kwa haya yake!

Na mwenzetu wa Malindi alipokuwa na miaka kumi na mmoja alipelekwa harusini amevalishwa gauni la shanga lililomkwaruza shingo, udi unafuka, vipaza sauti viko ukutani, vigelegele vinapokezana. Alistahamili kadiri alivyoweza. Kisha akatoweka, akapatikana baada ya muda mrefu stoo, amejikunja nyuma ya magunia ya mchele, anajiyumbisha mbele na nyuma wala hasemi. Ikasemwa ana jini. Akasomewa, akanyweshwa kombe. Hatusemi neno baya juu ya kisomo. Qur'ani ni shifaa, na sauti ya nyanya yake akimsomea polepole katika chumba chenye kiza ndiyo iliyomrudisha usiku ule. Kilichomuumiza ni jina alilopewa na watoto wa mtaa, "wa majini", ambalo halikumwacha hadi alipoolewa.

Haya iliyotufunika

Hapa kuna jambo ambalo tungependa kila mama alitie moyoni. Mvulana mwenye usonji aghalabu huonekana, kwa sababu jamii hushtuka mvulana anapojitenga, asipocheza mpira na wenziwe, asipojibu. Msichana akifanya hayo, katika miji yetu husifiwa. Kuinamisha macho, kunyamaza mbele za watu, kukaa ndani, kupenda upweke, yote hayo ni mambo tunayowafundisha binti zetu. Basi aliyeinamisha macho kwa kuwa kumtazama mtu usoni kunamtia dhiki, na aliyenyamaza kwa kuwa hajui ni lini zamu yake ya kusema, huhesabiwa kuwa amelelewa vyema. Hapana anayeuliza zaidi.

Na sisi wenyewe tulijifunza kujificha. Mwenzetu wa Mombasa alimchagua binti wa mamake mdogo, msichana aliyependwa na kila mtu, akawa anamwiga. Aliiga anavyocheka, anavyoinamisha kichwa akisikiliza, anavyojitanda leso. Alikuwa akijifungia chumbani na kufanya mazoezi mbele ya kioo. Salamu zetu ndefu za Pwani zilimsaidia mno, kwa sababu zina mpango wake: swali linajulikana, jibu linajulikana, na mkono wa mkubwa hubusiwa kwa wakati wake. Taabu ilianza salamu zilipokwisha, wakati ambao watu wengine ndipo huanza kustarehe.

Kwa sababu hiyo hiyo ibada ilikuwa pumziko letu. Swala ina nyakati zake, ina maneno yake na ina harakati zake, na katika safu hapana anayekudai utoe kichekesho. Hata buibui, ambalo wasichana wengine waliliona zito, kwetu lilikuwa kivuli cha kutembea nacho. Ndani yake mtu alipita sokoni bila ya kila jicho kumsoma uso.

Lakini kuiga kuna gharama. Ukitoka kwa watu baada ya saa tatu za kujichunga, mwili huwa kama uliobeba maji tangu alfajiri. Mwenzetu wa Lamu, katika miaka ya kwanza ya ndoa yake, alikuwa akirudi kutoka hitimani au harusini akaingia chumbani, akafunga madirisha, na asiweze kutamka neno hadi asubuhi. Mumewe alidhani amenuniwa. Alimuuliza, "Nimekukosea nini?" Naye hakuwa na jawabu, kwa kuwa hakukosewa, na hakujua kilichokuwa kikimpata kinaitwaje. Ndoa ile ilikaribia kuvunjika kwa jambo ambalo hapana kati yao aliyelifanya.

Usonji ni nini?

Usonji ni namna ubongo unavyokua tofauti tangu utotoni. Hauambukizi, na hauji kwa malezi mabaya. Mwenye usonji hutofautiana na wengine katika mawasiliano na mahusiano na watu, na pia huwa na mazoea anayoyashikilia, mambo anayoyapenda kwa kina kisicho cha kawaida, au hisi zilizo kali mno au hafifu mno: sauti, mwanga, harufu, mguso wa nguo, ladha ya chakula. Hawafanani. Wako wasiosema kabisa na wanaohitaji kuangaliwa maisha yao yote, na wako waliosoma vyuo vikuu. Sisi hatudai kusema kwa niaba ya wote. Mama anayemlisha kwa mkono mwanawe wa miaka ishirini ana mtihani mwingine, na tunamwombea subira na msaada.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kuwa takriban mtoto mmoja katika kila 100 ana usonji. Zingatia maana yake: katika madrasa yenye watoto mia mbili, si ajabu wawili wawe miongoni mwao, ijapokuwa hapana aliyewatambua.

Kwa nini basi sisi hatukuonekana? Sehemu ya jawabu ni kuwa elimu yenyewe ilikuwa changa, na ilianza kwa kuwatazama wavulana. Katika miaka ya 1920 daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika juu ya watoto wa namna hii, lakini kazi yake haikujulikana sana nje ya nchi yake kwa miongo mingi. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Marekani alichapisha maelezo ya watoto 11. Wanane kati yao walikuwa wavulana na watatu wasichana. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akaandika juu ya wavulana waliosema vizuri na kuwa na akili nzuri, ila hawakuelewana na wenzao. Maandishi yake yalikuwa kwa Kijerumani, na ilikuwa hadi 1981 ndipo daktari Mwingereza Lorna Wing, ambaye mwenyewe alikuwa mama wa binti mwenye usonji, alipoyafanya yajulikane kwa upana. Na kwa muda mrefu vitabu vya matabibu vilisema wavulana wenye usonji ni wanne kwa kila msichana mmoja. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walipojumlisha tafiti nyingi, waliona kuwa uwiano ulio karibu na ukweli ni watatu kwa mmoja, na kuwa wasichana wengi hupitwa bila ya kutambuliwa.

Yaani wakati sisi tukipigwa bakora chuoni, hata madaktari wa miji mikubwa ya dunia wengi wao wasingetutambua. Hatuwalaumu maalim zetu kwa kutojua jambo ambalo wakati ule lilijulikana na wachache.

Jina lilivyotufikia

Lilitufikia kupitia kwa watoto wetu. Mwana wa pili wa mwenzetu wa Mombasa alifika miaka mitatu bila ya kusema. Akiitwa hageuki, lakini akisikia feni inazimwa chumba cha pili anakuja mbio. Alipelekwa kwa daktari, na daktari akaanza kuuliza. Je, hupanga vitu kwa safu? Je, hukataa nguo fulani? Je, hukasirika njia ya kwenda nyumbani ikibadilishwa? Mama akajibu, na kwa kila jibu akaongeza, "Lakini hilo si kitu, daktari, hata mimi nilikuwa hivyo." Akaongeza mara tano, mara sita. Daktari akaweka kalamu chini, akamwambia kwa upole, "Mama, hebu nieleze kidogo kuhusu utoto wako."

Tathmini ya mtu mzima si kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Ni mazungumzo marefu, maswali na uangalizi, na hutafutwa ushahidi wa mambo yalivyokuwa tangu utotoni. Kwa hivyo ilibidi aitwe mama mzazi wa mwenzetu, bibi wa miaka sabini na kitu, aje aulizwe. Alikuja na buibui lake la Ijumaa. Aliulizwa kama mtoto alikuwa akicheza na wenziwe, akasema alikuwa akipanga vifuniko vya chupa uani kutwa nzima. Aliulizwa kama alikuwa akielewa mizaha na mafumbo. Bibi akacheka, akaanza kuhadithia kile kisa cha karibu chakula, siku ya kwanza, siku ya pili. Alipofika siku ya tatu akanyamaza. Akamgeukia bintiye, akamwambia, "Basi mwanangu, nilikupiga bure."

Mwenzetu anasema maneno yale manne yalimtosha kuliko karatasi aliyopewa baadaye.

Mwenzetu wa Lamu naye alitathminiwa, Nairobi, baada ya mwaka mmoja. Wa Malindi bado, na gharama za safari ni sehemu ya sababu. Tunalisema hili ili msomaji asije akadhani tumejipachika jina kwa kusoma mawili matatu. Kujiona katika maelezo ni mwanzo wa kuuliza, na jawabu hutolewa na mwenye ujuzi.

Lawama za bure

Kina mama wamebebeshwa mengi. Leo mtoto wa Pwani akiwa tofauti husemwa mamake hakumlea, au alitazama kitu kibaya akiwa mjamzito, au nyumba ina hasadi. Tusidhani ni ujinga wa kwetu tu. Huko Ulaya na Marekani, kwa miaka mingi, wataalamu wakubwa walifundisha kuwa usonji huletwa na mama mwenye moyo baridi, na walimpa jina la jokofu. Bruno Bettelheim aliieneza rai hiyo kwa kitabu chake cha 1967. Aliyesimama mwanzo kuipinga kwa hoja za kielimu alikuwa Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, katika kitabu cha 1964. Leo rai ile imetupwa, lakini ni mama wangapi walikufa wakijilaumu?

Lawama nyingine huwekewa chanjo. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenziwe walichapisha katika jarida moja la London makala ya watoto 12, wakaihusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata, za watoto malaki kwa malaki, hazikuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliifuta makala ile, na daktari huyo akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Surua huua watoto. Tafadhali, mama, usimnyime mwanao chanjo kwa khofu iliyokwisha kubatilishwa.

Na wala hapana dawa inayoondoa usonji. Anayekuuzia chupa au unga kwa ahadi hiyo, mrudishie bidhaa yake. Msaada wa kweli upo: mazoezi ya usemi na mawasiliano, mafunzo ya kujitegemea, tiba ya kifafa au ya usingizi kwa mtoto aliye na matatizo hayo, na zaidi ya yote, nyumba inayomwelewa.

Tunaloomba lifanywe

Kwanza, mama umtazame binti yako mkimya kwa jicho la pili. Haya huja na kuondoka. Mtoto mwenye haya akiwazoea watu hufunguka. Lakini ukiona mtoto anaumizwa na sauti au nguo, anachoka mno baada ya kukaa na watu, anafahamu maneno kwa dhahiri yake tu, anashikilia utaratibu mmoja na kuvurugika ukibadilika, na mambo hayo yamekuwapo tangu udogo wake, usitosheke kusifiwa na wageni.

Pili, adabu ifundishwe kwa maneno. Wengi hujifunza ada kwa kuona. Sisi tulihitaji kuambiwa. "Ukikaribishwa chakula njiani, sema ahsante upite, ila wakikukaribisha mara ya tatu na kukushika mkono." Sentensi moja kama hiyo ingemwokoa mwenzetu na fimbo, na mamake na machozi.

Tatu, mtoto atayarishwe. Mweleze kabla ya harusi nani watakuwapo, itaanza saa ngapi na mtaondoka saa ngapi. Fikeni mapema kabla ya zahama. Mtafutie chumba cha kupumzikia. Akivaa dera la pamba wakati wenziwe wamevaa shanga, harusi haitaharibika.

Nne, kwa maalim zetu, ambao tunawaheshimu: mtoto anayeziba masikio mwekeni karibu na mlango, msikilizeni peke yake, na bakora iwekwe kando. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto naye yumo katika swala, akaifupisha, kwa kumhurumia mama yake. Na sote tumeihifadhi Sura ya Abasa. Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, aliingia na swali lake wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi. Kwa ada za baraza alikatiza maneno. Lakini hakuwa akiona aliokuwa nao Mtume, na wahyi uliteremka kwa ajili yake. Mtu huyo baadaye alikuwa muadhini wa Madina. Sisi pia kuna tusichokiona katika nyuso za watu. Laiti tungeulizwa kabla ya kuchapwa.

Tano, msaada utafutwe. Anza kwa daktari wa watoto katika hospitali ya kaunti. Wizara ya Elimu nayo ina vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kwa jina la EARC. Uliza katika ofisi ya elimu iliyo karibu nawe. Aliyethibitishwa anaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Zingatieni, enyi mliokuwa mkiita watu "wa majini": hata jina unalomwita mwenzako limo katika sheria.

Tukumbuke pia kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuhamasisha kuhusu Usonji, inayoadhimishwa kila tarehe 2 Aprili, ilipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar, nchi ya Waislamu wenzetu. Jambo hili si geni kwetu wala si la watu wengine.

Nani atamposa?

Tumelibakisha mwisho lililo zito. Mwenzetu wa Malindi ana binti wa miaka kumi. Msichana anajua kwa moyo majina ya samaki wote wa sokoni na bei ya kila mmoja, hawezi kuvaa soksi, na akikemewa husitasita maneno siku nzima. Mamake alipotaka kumpeleka kutathminiwa, wakwe walimwambia maneno ambayo wengi wenu mmeyasikia: "Ukishamwandikisha, nani atamposa?"

Hatuyapuuzi maneno hayo. Yanasemwa kwa mapenzi, na jamii yetu ni ndogo, habari hutangulia miguu. Lakini tutazameni sisi. Tuliposwa bila ya jina hilo, na kukosa jina hakukutulinda. Mmoja wetu nusura aachwe kwa ukimya usio na maelezo. Mume aliyeambiwa, "Nikirudi kutoka kwa watu nahitaji kiza na kimya, kisha nitakuwa nawe," hupata jambo la kufanya: hufunga dirisha. Mume asiyeambiwa hupata la kudhani. Anayemkataa binti kwa sababu ya ukweli angemtesa kwa kutoujua.

Basi mama amempeleka. Jawabu halijatoka, nasi hatulitangulii.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi katika familia hiyo. Msichana alivaa dera la pamba, akapewa kazi uani, mbali na vipaza sauti, ya kuhesabu na kupanga sahani za biriani, na hapana sahani iliyopotea. Bibi mmoja alipita akasema, "Mashaallah, mtoto huyu ana haya." Mwenziwe akajibu, "Haya gani? Anajiona, hata kutuamkia hakutuamkia."

Mama alikuwa akikosha mikono bombani. Miaka yote ya nyuma angeinama. Siku ile alisema kwa adabu, "Mama zangu, si hili wala si lile. Kelele zinamuumiza. Mpeni dakika chache amalize safu yake, atakuja mwenyewe."

Msichana akamaliza safu yake. Akaja, akawaamkia wote wawili, akawabusu mikono, akarejea kwa sahani zake. Wale bibi hawakuongeza neno, ila mmoja wao alikwenda akaufunga mlango wa uani, kelele zikapungua.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuwaona watoto wetu walivyo, na subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.